Kuchagua sura ya sedani ya familia Uganda, na kuitunza hadi siku ya kuiuza

Ukipita kwenye bondi za Nakawa, yaani yadi za forodha zinakouzwa magari yaliyoagizwa, au ukifuata Barabara ya Jinja kuelekea Kireka, utakuta Toyota Premio mbili nyeupe zimeegeshwa ubavu kwa ubavu. Milango ni ileile, paa ni lilelile, na ukifungua boneti huenda ukakuta injini za ukoo mmoja. Moja ina taa kali na grili pana, nyingine ina uso mtulivu wa miaka ya nyuma, na bei zao zimeachana mbali. Baba na mama waliokuja na akiba ya miaka wanatakiwa waamue papo hapo kama tofauti hiyo inastahili fedha yao.

Mimi naona inastahili mara chache kuliko madalali wanavyotuambia. Simo kundi la wanaosema gari ni injini tu. Familia hulitazama gari lake kila asubuhi, na siku ya kuliuza mnunuzi huanza kwa macho kabla hajauliza lolote. Lakini sura inayoshika bei hapa kwetu ni ile iliyo kamili: taa zinazofanana kulia na kushoto, rangi ya kiwandani, bampa lisilolegea, mianya ya milango iliyo sawa. Gari la sura ya kati lililo zima ni mali bora kuliko la sura mpya lenye viraka. Hatua zinazofuata zimejengwa juu ya imani hiyo.

Hatua ya 1: Hesabu sura za modeli unayoitaka

Kampuni za magari hutoa kizazi kipya cha modeli kila baada ya miaka mitano, sita hivi, na katikati ya muda huo hubadilisha uso wake bila kugusa mifupa. Sababu ni gharama. Mabati ya milango, paa na mbavu hukandamizwa kwa kalibu za chuma zenye bei kubwa mno, na kuzibadilisha ni kama kuanza gari upya. Bampa, grili na vioo vya taa ni plastiki, kalibu zake ni nafuu zaidi. Kwa hiyo sura mpya ya katikati ya safari kwa kawaida ni uso, mgongo, rimu na vitambaa vya viti. Ipo mifano iliyovunja desturi hiyo: Camry iliyouzwa Marekani kama ya mwaka 2015 ilibadilishwa karibu kila kipande cha nje isipokuwa paa. Hayo hayatokei mara nyingi.

Premio ndiyo mfano unaowagusa wengi Uganda. Kizazi cha T240 kilitoka Desemba 2001, kikapata uso mpya Desemba 2004. Kizazi cha T260 kilikuja Juni 2007, kikabadilishwa uso Aprili 2010, kikabadilishwa tena Juni 2016, na uzalishaji ukakoma Machi 2021. Maana yake gari la 2008 na la 2020 yana mwili mmoja na nyuso tofauti. Toyota Allion ni pacha wake na alifuata kalenda hiyohiyo.

Sasa chukua karatasi, andika kila sura, na mbele yake andika kilichobadilika kweli. Sura ya 2010 ilikuja na mabadiliko ya injini pia: ile ya lita 1.8 ilitoka 2ZR-FE ikawa 2ZR-FAE, yenye mfumo wa valvu unaolenga kupunguza mafuta. Hapo unalipia uso na kitu cha ndani. Sura ya 2016 ilileta taa za LED, grili kubwa, na katika matoleo yaliyowekewa, mfumo wa kusaidia kuepusha ajali uitwao Toyota Safety Sense C, wenye kamera na leza nyuma ya kioo cha mbele. Mfumo huo ni mzuri. Kumbuka tu kwamba siku kioo cha mbele kitakapopasuliwa na kokoto ya lori kwenye Barabara ya Masaka, kubadilisha kioo pekee hakutoshi. Kamera lazima ipangwe upya, na kazi hiyo haifanywi na kila fundi wa chini ya mwembe.

Toyota Mark X nayo ina hesabu yake. Kizazi cha X120 kilitoka Novemba 2004. Cha X130 kilitoka Oktoba 2009, kikapata uso mpya 2012 na mwingine 2016, kikakoma Desemba 2019. Ni gari lenye mvuto ambao Premio haina, bega pana na injini ya V6 inayosukuma magurudumu ya nyuma, na vijana wa Kampala wanalipenda kwa haki. Kwa familia inayohesabu mafuta ya kupeleka watoto shule, uzuri huo una ada yake kila wiki.

Mazda Atenza ya kizazi cha Novemba 2012 inafaa kuangaliwa kwa makini. Sura yake iliyotoka mwanzoni mwa 2015 ilibadilisha dashibodi nzima, ikaweka breki ya mkono ya umeme mahali pa mpini. Nikiulizwa ni wapi sura mpya ilikuwa na haki ya kudai fedha zaidi, naitaja hii, kwa kuwa ndani ndiko familia inakokaa.

Hatua ya 2: Thibitisha umri, usiamini uso

Tangu 1 Oktoba 2018 Uganda hairuhusu kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi tangu lilipotengenezwa. Premio za mwaka 2007, kwa mfano, zilifungiwa mlango ilipofika 2022. Zilizopo ni zile ambazo zimekwisha kutembea hapa, na muuzaji akikuambia imetoka Mombasa juzi, omba hati za forodha. Gari kuukuu pia hutozwa ushuru wa mazingira juu ya kodi nyingine, pamoja na VAT ya asilimia 18, kwa hiyo tofauti ya bei unayoiona bondini ina kodi ndani yake. Kabla ya kubishana na muuzaji, pitia makadirio ya kodi ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, kwa mwaka na modeli husika, ujue ni kiasi gani hakiwezi kupungua hata muuzaji akitaka.

Namba ya chesi haitakuambia sura. Alama ZRT260 inamaanisha Premio au Allion ya lita 1.8 ya kizazi hicho, iwe ya uso wa kwanza au wa tatu. NZT260 ni ya lita 1.5. Kinachokupa mwaka ni tarehe ya kutengenezwa, na njia rahisi ya kuipima ni kuvuta mkanda wa kiti hadi mwisho, kisha kusoma lebo iliyoshonwa chini. Mwaka huwa umeandikwa pale. Soma mikanda yote, ya mbele na ya nyuma. Usichanganye tarehe hiyo na mwaka wa kusajiliwa Japani: gari linaweza kutoka kiwandani mwisho wa mwaka mmoja na kusajiliwa mwaka unaofuata.

Kazi hii ni ya lazima kwa sababu uso unaweza kuvishwa. Kwa kuwa mwili ni mmoja, fundi mwenye bampa, grili na taa za gari lililovunjwa anaweza kulifanya la 2008 lifanane na la baadaye. Ukishuku, fungua boneti na utazame nyuma ya taa. Waya zilizokatwa na kuungwa kwa tepu nyeusi, plagi zisizolingana, au boliti za madigadi zilizochubuka rangi, zinasema kuna mtu alipita hapo. Kisha zunguka nyuma: wengi huvisha uso wakasahau taa za nyuma. Kuvisha uso si kosa kama mwenye gari anakuambia waziwazi. Kuuziwa kwa bei ya sura ambayo gari halikuzaliwa nayo ndiyo dhuluma.

Hatua ya 3: Nenda Kisekka kabla ya kwenda bondini

Watu hufanya kinyume. Wananunua kwanza, halafu kioo cha pembeni kikiibwa kwenye jamu, ndipo wanaulizia bei. Wewe anza na soko la vipuri la Kisekka, pale karibu na Nakivubo, au maduka ya Ndeeba. Uliza bei ya vitu vinne kwa kila sura unayoifikiria: taa nzima ya mbele, kioo cha pembeni chenye taa ya kuonyesha kona, bampa la mbele, na taa ya nyuma. Uliza kwenye maduka matatu au manne, maana bei ya kwanza ni salamu tu.

Utagundua jambo ambalo bondi haikuambii. Taa ya zamani ya balbu ikizimika unanunua balbu. Taa nyingi za LED zimefungwa pamoja, ikifa unanunua taa nzima, na kwa sura mpya vipuri vya mitumba bado ni vichache kwa sababu magari hayo hayajaanza kuvunjwa kwa wingi. Mazda Atenza na Nissan Teana zina ugumu zaidi, kwani Kisekka kwa sehemu kubwa inakula na kulala Toyota. Ukirudi bondini na bei hizo mfukoni, uso mpya unaweza kukupendeza vilevile, lakini sasa unajua kuulisha kunagharimu nini.

Hatua ya 4: Isome bodi mchana, gari likiwa kavu

Usikague rangi wakati wa mvua, wala jioni chini ya taa za bondi. Maji na taa huficha mawimbi. Njoo saa nne asubuhi, simama pembeni ya gari, inamisha kichwa hadi jicho liwe usawa wa mkanda wa milango, na tazama mwanga unavyotiririka kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma. Mstari ukikatika au kupinda mahali, hapo pamenyooshwa.

Omba karatasi ya ukaguzi ya mnada wa Japani gari liliponunuliwa. Daraja la 4 au 4.5 ni gari zuri, 3.5 lina makovu ya kawaida, R au RA limewahi kugongwa na kutengenezwa. Mchoro wa gari kwenye karatasi una herufi: A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni alama ya kunyooshwa, S ni kutu ya juu, XX ni kipande kilichobadilishwa. Namba inayofuata herufi inaonyesha ukubwa wa kasoro. Karatasi inaweza kughushiwa, kwa hiyo ilinganishe na gari lenyewe, kasoro moja baada ya nyingine. Kama karatasi ina U2 mlango wa nyuma kushoto na mlango huo sasa ni laini kabisa, uliza nani aliunyoosha na kwa puti kiasi gani. Sumaku ndogo iliyofungwa kwa kitambaa inasaidia: itashika bati, itateleza mahali palipojazwa puti. Bampa ni plastiki, haitashika popote.

Pima mianya kwa kidole. Nafasi kati ya boneti na digadi iwe sawa kulia na kushoto. Kisha soma herufi ndogo zilizochongwa kwenye kioo cha taa za mbele: jina la mtengenezaji, kama Koito au Stanley au Ichikoh, na namba. Pande zote mbili zilingane. Zisipolingana, upande mmoja umebadilishwa, na taa haivunjiki peke yake bila sababu.

Kuhusu rangi, tafuta kibati cha chesi usome alama yake. Toyota 040 ni nyeupe ya kawaida, 070 ni nyeupe ya lulu, 1F7 ni fedha, 202 ni nyeusi. Nyeupe ya lulu inapendwa sana na inashika bei, lakini hupakwa kwa tabaka tatu, na fundi anayepaka mlango mmoja bila kupima vizuri atakuachia mlango wenye rangi ya maziwa kando ya gari lenye rangi ya lulu. Ugumu huo uko pia kwenye nyekundu maarufu ya Mazda, ya alama 41V. Kama unaishi mahali pa barabara ya murramu na vumbi letu jekundu, rangi ya fedha ndiyo rafiki wa kweli: inaficha vumbi, inaficha mikwaruzo midogo, na karibu kila fundi wa rangi Katwe ameizoea. Nyeusi ni nzuri siku ya kuoshwa tu.

Hatua ya 5: Kaa ndani, hasa nyuma

Gari lililofanya kazi ya kukodiwa hujisema lenyewe. Kiti cha nyuma kimelegea kuliko cha abiria wa mbele, vishikio vya milango ya nyuma vimechubuka, raba za pedali zimeisha huku mita ikionyesha kilomita chache. Kuna wakati utaona kivuli cha stika iliyobanduliwa kwenye kioo.

Kaa nyuma kwa dakika tano. Weka kiti cha mtoto kama unacho. Fungua buti, uingize begi la shule na gunia la matoke kwa macho ya akili. Sedani ilipendwa na familia za hapa kwa sababu ya buti lililofungwa na kiti cha nyuma kinachomtosha bibi bila kumpandisha juu, na nadhani si bahati kwamba Kiira EV Smack, gari la mseto lililozaliwa kutokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Makerere na kuonyeshwa 2014, lilichorwa kama sedani ya watu watano. Redio zenye menyu za Kijapani zisikusumbue; hubadilishwa. Harufu ya unyevu chini ya zulia ikusumbue sana.

Hatua ya 6: Ukishanunua, anza na taa na matairi

Hapa ndipo fedha kidogo inafanya kazi kubwa. Taa za mbele za magari ya leo ni plastiki ya polikaboneti iliyopakwa tabaka la kuzuia jua. Jua la ikweta likilila tabaka hilo, taa inageuka njano, na gari zima linazeeka usoni hata kama ni la juzi. Fanya hivi: osha taa, zungushia tepu kulinda rangi, sugua kwa msasa wa maji wa 800, kisha 1500, 2000 na 3000, ukimwaga maji muda wote na ukibadilisha mwelekeo kila unapobadilisha msasa. Baada ya hapo paka pasta ya kung'arisha kwa kitambaa laini. Mwisho, siku hiyohiyo, pulizia vanishi angavu yenye kinga ya jua. Hatua ya mwisho ndiyo wengi wanairuka. Wanaosugua kwa dawa ya meno barabarani hung'arisha kweli, lakini wanaiacha plastiki uchi, na njano hurudi upesi.

Kwa rimu, kwanza jua mashimo. Premio za T240 na T260 hutumia boliti tano kwenye duara la milimita 100. Mark X ni tano kwa 114.3. Rimu haziazimani. Halafu jua hesabu ya tairi. Tairi la 195/65R15, linalotumiwa na matoleo ya T260 yenye injini kubwa, lina ukuta wa pembeni wa takribani milimita 127 na kipenyo cha 634.5. Ukipanda hadi 205/55R16 kipenyo ni 631.9, karibu sawa kabisa, na gari linajaa vizuri kwenye matao yake. Ukipanda hadi 215/45R17 ukuta unabaki milimita 97 hivi. Sentimita tatu zilizopotea ndizo zilizokuwa zinapokea mashimo ya Kampala kwa niaba ya rimu na shokapu zako. Ushauri wangu ni kuishia inchi 16.

Mengine ni ya haraka. Badilisha raba za waipa. Safisha raba za milango, ambako vumbi jekundu hujificha. Rudisha vibano vya bampa vilivyokatika, ni vidogo na bampa lililokaa imara linabadilisha uso wote. Chonga namba ya gari kwenye vioo vya pembeni na uvifunge kwa riveti, kama wafanyavyo wengi mjini, maana kioo cha kiwandani kikiibwa ni vigumu kukipata kinacholingana.

Hatua ya 7: Vitu vya kuacha dukani

Usishushe gari; matuta yetu hayapimwi kwa rula. Usibandike plastiki nyeusi juu ya taa za nyuma, anayekufuata usiku Barabara ya Gulu anahitaji kuziona. Taa za kumetameta waachie polisi na ambulensi. Mdomo wa ziada chini ya bampa utabaki kwenye tuta la kwanza. Nembo za toleo ambalo gari lako si lake zinamwambia mnunuzi makini kwamba na mengine yanaweza kuwa ya uongo.

Kupaka rangi tofauti kabisa ni jambo zito kuliko inavyoonekana. Rangi imeandikwa kwenye logibuku, yaani hati ya usajili wa gari, na ukiibadilisha lazima usajili urekebishwe. Wengi hawafanyi hivyo, na siku ya kuuza mnunuzi hukimbia.

Hatua ya 8: Siku ya kuuza

Piga picha asubuhi, kivulini, gari likiwa kavu na usukani umenyooka. Onyesha pande nne, dashibodi yenye mita, kiti cha nyuma, buti likiwa wazi, na kasoro zilizopo kwa karibu. Anayekuja akiwa ameshaona mkwaruzo pichani hawezi kuutumia kukushushia bei mlangoni. Taja sura kwa mwaka wake halisi. Weka mezani logibuku, hati za forodha, karatasi ya mnada kama unayo, na risiti za vipuri vya bodi. Injini usiioshe asubuhi hiyo, mnunuzi makini akiona maji huuliza ni mafuta gani yaliyokuwa yakivuja.

Kama uliwahi kuondoa rimu za kiwandani, grili ya asili au redio iliyokuja na gari, vipange ndani ya buti na umwambie mnunuzi kwamba vinakwenda naye.